Sinywi siku za vipindi, lakini mara tatu nimeamka sikumbuki nilivyorudi. Je, nina tatizo?

Swali limetoka kwa msichana wa miaka 21, mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Nimelifupisha na kuondoa yanayoweza kumtambulisha.

“Shikamoo daktari. Mimi sinywi siku za vipindi. Ila bumu (hela ya mkopo wa chuo) likitoka, na wikiendi mbili tatu zinazofuata, tunatoka watu wanne: mimi, mwenzangu wa chumba na wavulana wawili wa darasani. Naanza na bia mbili, halafu tunachangia pombe kali chupa kubwa, tunachanganya na enaji. Nina kilo 52 lakini wananisifia kichwa kigumu, maana mimi huwa wa mwisho kuonekana nimelewa. Mwaka huu mara tatu nimeamka hosteli sikumbuki nilivyorudi. Wanasema nilikuwa naongea vizuri, nikacheza, hata nikabishana bei na bodaboda. Dada yangu ameanza kunisema, anasema nitaishia kama mjomba aliyefariki kwa pombe. Lakini naweza kukaa wiki tatu bila kugusa kitu, na kwetu Rombo mbege ni kinywaji cha nyumbani, nimeikuta na hakuna aliyewahi kuniita mlevi. Je, kweli nina tatizo? Na nikiacha nitabaki na nani? Halafu mmoja wa hao wavulana siku hizi anazimua kwa pombe kila asubuhi na mikono inamtetemeka. Tumsaidieje?”

Marahaba, mdogo wangu.

Nikujibu la kwanza bila kuzunguka: ndiyo, tatizo lipo. Kwa uliyoniandikia sioni dalili kwamba mwili wako umeshaanza kuidai pombe. Lakini unywaji wako wa usiku mmoja umefika mahali ambapo watu huanguka, hugongwa, hubakwa, na wengine hufa, na wengi wao hawajawahi kunywa siku ya Jumatatu. Umejipima kwa siku usizokunywa. Naomba tupime usiku unaokunywa.

Bia moja ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi halisi. Zako mbili ni gramu 40. Pombe kali ya asilimia 35, chupa ya mililita 750, ina gramu 207 hivi. Mkiigawa sawa kwa wanne, kila mmoja anapata zaidi ya 50. Jumla yako inapita gramu 90 kwa usiku mmoja, na hapo nimekubali kwamba mnagawana sawa, jambo ambalo kwenye chupa ya kuchangia hakuna anayeweza kuapa. Shirika la Afya Duniani, WHO, huhesabu gramu 60 au zaidi kwa mkao mmoja kuwa unywaji wa kupindukia. Wewe unavuka hapo kabla chupa kubwa haijafika nusu.

Sasa weka hizo gramu 90 kwenye mwili wako, maana hapa ndipo mzunguko wa “kila mtu moja moja” unapokuonea. Alkoholi husambaa kwenye maji ya mwili. Mwanamke, hata akiwa na uzito sawa na mwanamume, ana maji kidogo zaidi mwilini, na tumboni mwake kimeng’enya kinachoanza kuivunja pombe kabla haijaingia kwenye damu hufanya kazi kwa kiwango cha chini. Juu ya hapo wewe una kilo 52, na sidhani kama hao wavulana wako chini ya 65. Mnapokwenda sambamba, glasi kwa glasi, damu yako inabeba kiasi kikubwa kuliko chao. Kama hukula tangu mchana, mambo yanakwenda kasi zaidi, kwa sababu pombe inapita tumboni bila kizuizi na kuingia utumbo mwembamba, na huko ndiko inakonyonywa haraka. Wanafunzi wengi hufanya hivyo makusudi, wasile ili “ishike mapema” na pesa itoshe. Naichukia tabia hii kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayowaletea madaktari wa zamu watoto wa miaka 19 wasiojua walipo.

Na ini lina mwendo wake. Kwa mtu wa wastani huondoa kama gramu 7 kwa saa, kwa mwili mdogo chini ya hapo. Kahawa hailiharakishi, maji ya baridi hayaliharakishi, supu ya asubuhi hailiharakishi, kutapika nako hakuondoi kilichokwisha kuingia kwenye damu. Ukianza saa mbili usiku na gramu 90, saa tatu asubuhi bado ipo. Ukiwa na kipindi cha saa mbili asubuhi unaingia darasani na pombe mwilini, hata kama umeoga na kupiga mswaki.

Kuhusu kutokumbuka. Watu wengi hudhani kuzimika namna hiyo ni kulala usingizi wa pombe. Mwenzako alikuambia ulikuwa unaongea na kubishana bei, na alisema kweli. Pombe inapopanda haraka, sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayochukua yanayotokea sasa na kuyaweka kwenye kumbukumbu ya kudumu, husimama kazi. Kumbukumbu ya dakika chache inaendelea, ndiyo maana unaweza kujibu swali, kutaja bei, kutaja jina la hosteli. Ni kama kamera inayoonyesha picha kwenye kioo huku haihifadhi chochote. Yale masaa hayamo popote, kwa hiyo usijitese kuyakumbuka na usimwamini anayekuambia utayakumbuka ukinywa tena. Wengine hupoteza vipande tu, wakikumbushwa kidogo vinarudi. Wewe unaeleza usiku mzima kuanzia saa fulani kwenda mbele, na hiyo ni aina nzito zaidi. Mara moja ingetosha kukushtua. Tatu kwa mwaka mmoja ni mwenendo.

Enaji inachangia. Kafeini haipunguzi ulevi hata kidogo, inaondoa usingizi tu. Ule uchovu ambao ungekuambia “basi, inatosha” unanyamazishwa, unabaki macho makavu na unaendelea kunywa. Ubongo umelewa vilevile, ila wewe hujihisi.

Sasa hicho kichwa kigumu wanachokusifia. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo ninapoona hatari yako ya miaka ijayo. Mtafiti wa Marekani, Marc Schuckit wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, alifuatilia vijana kwa miaka mingi, wakiwemo watoto wa wazazi wenye ulevi sugu. Wale waliokunywa kiasi kilekile na wenzao lakini wakahisi kidogo ndio waliokuja kupata shida ya pombe kwa wingi zaidi baadaye. Sababu inaeleweka: mwili usiopiga kengele mapema humruhusu mwenyewe aongeze. Tafiti za familia na mapacha nazo zinaonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ya kuwa tegemezi wa pombe inatoka kwenye kurithi. Mjomba wako aliyefariki si hukumu juu yako. Lakini mjomba huyo, pamoja na kichwa kigumu, pamoja na kuanza ukiwa na miaka 19 au 20 wakati ubongo unaendelea kukomaa hadi kwenye miaka 25 hivi, vinatosha kukufanya uwe mwangalifu kuliko wenzako watatu. Dada yako anaona jambo la kweli, hata kama anakusema kwa ukali.

Umetaja mbege, na naiheshimu hoja yako. Mbege ya ndizi na ulezi inanywewa kwa kata ya kibuyu, mchana au jioni, watu wameketi, chakula kipo, wazee wapo, na mtu akianza kuyumba kuna anayemwambia aende akalale. Nguvu yake ni ndogo sana kuliko ya pombe kali, na tumbo linajaa kabla kichwa hakijapotea. Hata hivyo Kilimanjaro kuna nyumba nyingi zilizoliwa na pombe, tusiipambe sana. Lakini kukua karibu na mbege hakukufundishi kunywa kitu cha asilimia 35 saa tano usiku, tumbo tupu, na watu wa rika lako ambao kila mmoja anatazamwa kama ataweza. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya plastiki vya pombe kali kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kiroba cha mfukoni kiliondoka. Pombe kali yenyewe ilibaki, kwenye vibapa na chupa kubwa, na chuoni chupa kubwa ya kuchangia ndiyo inayoficha hesabu ya kila mmoja.

WHO ina dodoso la maswali 10 linaloitwa AUDIT, alama kuanzia 0 hadi 40, na nimekufanyia kwa barua yako. Unakunywa mara mbili hadi nne kwa mwezi: alama 2. Kiasi cha kawaida, kwa kipimo cha gramu 10, ni vipimo 9: alama 3. Vipimo 6 au zaidi kwa mara moja, kila mwezi: alama 2. Kushindwa kukumbuka ya jana usiku, chini ya mara moja kwa mwezi: alama 1. Hapo tumefika 8, na 8 ndipo unywaji huanza kuhesabiwa kuwa wa hatari. Kuna swali la kumi, kama ndugu, rafiki au mhudumu wa afya amewahi kuonyesha wasiwasi juu ya unywaji wako. Dada yako amekusema ndani ya mwaka huu, na jibu hilo peke yake lina alama 4. Tumefika 12. Yapo mengine unayoweza kuyajibu wewe tu: kama umewahi kuumia au kumuumiza mtu, kama asubuhi unajisikia hatia, kama umeshindwa kufanya lililotarajiwa kwako. Ukifika 16 mtafute mshauri wa afya mkae mara kadhaa, na ukifika 20 usikae na swali hili peke yako, nenda hospitali.

Nifanye nini, ndilo swali lililo chini ya swali lako. Ningeanza na siku 30 bila pombe kabisa, na zianze kabla bumu halijatoka ili ziangukie ndani ya wikiendi hizo zenyewe. Kukaa wiki tatu wakati huna hela hakukuonyeshi kitu. Angalia utakachohisi Ijumaa ya kwanza, hela ipo kwenye simu na wenzako wanavaa. Ukiona inakuwa vigumu kuliko ulivyotegemea, umejifunza jambo ambalo mimi siwezi kukuambia kwa barua. Ukiona ni rahisi, umepata mwezi wa usingizi mzuri. Pombe inaharibu usingizi wa nusu ya pili ya usiku na kupunguza usingizi wa ndoto, na usingizi ndio unaokazia ulichosoma. Mtu anayesoma wiki nzima kisha akalewa Ijumaa na Jumamosi anakaribisha sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa mkono wake mwenyewe.

Hela ya bumu siku ile ile iingiapo, lipa kodi ya hosteli, weka ya chakula mahali usipoweza kuitoa kwa kubonyeza mara mbili, kisha ndiyo uone iliyobaki. Unywaji wa chuoni unafuata tarehe ya malipo kuliko unavyofuata shida au furaha za mtu, na wauza baa za jirani na chuo wanaijua tarehe hiyo kuliko hata wanafunzi.

Baada ya mwezi, ukiamua kunywa tena, ninachokushauri ni kigumu kidogo: achana kabisa na chupa ya kuchangia na pombe kali. Kunywa kilicho chako, kwenye chupa yako, ambacho unaweza kukihesabu. Kula chakula cha maana kwanza, wali au ugali na mboga, si chipsi za saa saba usiku baada ya mambo kuharibika. Bia mbili kwa usiku mzima, maji katikati, enaji hapana. Na kama kwa sababu yoyote ile huna uhakika kwamba si mjamzito, basi hata hiyo moja hapana. Ukiwa kwenye dozi ya metronidazole, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Flagyl, usinywe mpaka umalize na upite muda ambao mfamasia amekuelekeza. Na usizoee kumeza diclofenac kwa ajili ya kichwa cha asubuhi, maana pombe na dawa hiyo kwa pamoja zinachuna tumbo.

Utabaki na nani? Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Wesley Perkins na Alan Berkowitz, waliwauliza wanafunzi wa chuo wanavyoona wenzao wanavyochukulia pombe, kisha wakalinganisha na majibu ya wenzao wenyewe. Wanafunzi waliamini wenzao wanaupenda ulevi kuliko ilivyo kweli. Matokeo ya namna hiyo yameonekana tena katika vyuo vingi vya nchi mbalimbali. Anayekunywa sana anaonekana na kusikika, na anayeishia kwenye soda hana kelele. Nina hakika ndani ya kundi lako la wanne kuna angalau mmoja anayetamani mtu mwingine aseme kwanza. Siku ukisema “leo sinywi”, usiongeze maelezo. Maelezo yanazaa mjadala, na mjadala unaisha na glasi mkononi. Shika soda yako ya tangawizi, cheza, cheka, rudi mapema. Atakayekuacha kwa sababu hiyo alikuwa rafiki wa ile chupa.

Na mkitoka wanne, kubalianeni kabla ya kuondoka kwamba mmoja hanywi na hakuna anayerudi peke yake. Akianguka mtu, msimwache “alale, itaisha”. Pombe iliyoko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata baada ya kunywa kukoma, kwa hiyo anayeonekana amelala tu saa sita anaweza kuwa mahututi saa saba. Mlaze ubavu: mkono wa juu umwekee chini ya shavu, goti la juu likunje mbele ili asigeuke chali, kichwa kirudi nyuma kidogo na mdomo uelekee chini, ili akitapika matapishi yatoke nje na yasiingie kwenye mapafu. Kaeni naye, hesabuni pumzi. Zikipungua chini ya 8 kwa dakika, au akikaa sekunde 10 bila kuvuta, au midomo na kucha zikigeuka rangi ya bluu au kijivu, au mwili ukapoa, au ukimfinya kwa nguvu haitiki, huyo ni wa hospitali dakika hiyo hiyo. Msimpe maziwa, msimmwagie maji, msimtembeze. Na msiogope kwamba chuo kitajua. Wanafunzi wamepoteza wenzao kwa hofu hiyo.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza lakini siwezi kulinyamazia. Usiku usioukumbuka unaweza kuwa na yaliyotokea usiyoyajua. Mtu aliyezimika namna ile anaweza kutembea na kuongea, lakini hawezi kuridhia jambo lolote juu ya mwili wake, na anayemtumia hali hiyo ndiye mwenye kosa, hata kama yeye ndiye aliyelipa bia. Ukiwahi kuamka na shaka, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kinga dhidi ya maambukizi ya VVU, PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo inahitaji uwahi hivyo hivyo. Fomu ya polisi, PF3, ni muhimu kwa kesi, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia, lakini matibabu yatangulie.

Nimalizie na huyo kijana wa mikono inayotetemeka, maana hali yake ni nyingine na ushauri niliokupa wewe unaweza kumuumiza. Kuzimua kila asubuhi ili mikono itulie ni dalili kwamba mwili wake umeshaitegemea pombe. Msimfungie chumbani, msimwambie aache ghafla leo. Mtu wa namna hiyo akiacha ghafla anaweza kutokwa jasho, kutapika na kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, kupata degedege ndani ya siku mbili, na kwenye siku ya pili au ya tatu kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, joto na mapigo ya moyo kupanda. Hali hiyo huua asipotibiwa. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza kwa dozi inayopungua siku hadi siku, na vitamini B1 ili kulinda ubongo, kisha baada ya mwili kutulia ndipo ushauri nasaha unapoanza, na wengine huendelea kwenye soba hausi, nyumba za kuwasaidia wanaoacha ulevi.

Mzungumze naye mmoja wenu, si wote watatu kwa pamoja, na iwe saa ambayo hajalewa sana na pia hajaanza kutetemeka. Mwambie mlichokiona kwa macho: mikono, chupa ya asubuhi, vipindi alivyokosa. Msimtaje kwa jina baya, atawafungia mlango. Kisha mpelekeni hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye kitengo cha afya ya akili, mkiwa mmempa nafasi aseme mwenyewe anakunywa kiasi gani na mara ya mwisho alikunywa lini, kwa sababu daktari ataanzia hapo. Akiwa na degedege au anaongea na wasiokuwepo, msingoje kesho, mpelekeni kitengo cha dharura usiku huo huo.